Mlango wa Nyumba ya Bibi Yako

Kwako Alfonsi mwanangu,

Salamu za kuulizana hali sina, maana nakusikia hapo nje ukigombana na kamba ya sanduku, na mama yako akikuambia unafunga vibaya. Naandika jua likiwa bado juu, nimejifungia chumbani kama mtu anayeumwa. Karatasi hii nitakupa kesho asubuhi ukishapanda lori na dereva akishawasha. Nikikupa leo utaingia humu kuniuliza, na mimi nikikuangalia usoni nitaanza kusema habari za mbuzi.

Mambo ya blanketi, ya kwenda kanisani na ya kutokaa na wanywaji wa ulanzi, mama yako ameshakuambia mara tatu. Sitayarudia. Ninalo langu moja, na nimelibeba miaka kumi na mitatu.

Juzi ulipotusomea ile barua ya kazi, ulisimama katikati ya nyumba kama mwalimu. Karani wa baraza kule Ndembera! Mama yako alipiga vigelegele, majirani wakaja. Mimi niliinuka nikatoka, ukadhani naenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hawakuwa na shida yoyote. Nilikuwa nimesikia yale maneno ya mwisho, uliyoyasoma harakaharaka kana kwamba hayana uzito: kwamba maji ya mfereji yamepungua, kwamba watu wawili wamepigwa langoni, na kwamba kazi yako ya kwanza ni kuandika mikuki yote itakayokusanywa katika vijiji vyote viwili. Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa mpaka majirani wakaondoka.

Wewe unajua kwamba baba yako alikuwa jumbe kule, na kwamba aliacha kwa sababu ya mguu. Mguu ulikuwa mzima, Alfonsi. Unajua pia kwamba mjomba wako Lusiano alifungwa Mbeya kwa ugomvi wa pombe. Pombe haikuwapo. Hayo mawili tulikudanganya, na aliyeanza kudanganya ni mimi.

Ule mfereji ulikuwa ukiuvuka ukiwa mdogo, lakini hukuuelewa. Unatoka mtoni, unapita kwanza kwenye mahindi ya watu wa juu, ambao ni ndugu wa mama yako, kisha unateremka kwa watu wa chini wanaolima mpunga. Katikati kuna lango la mbao. Likifungwa, chini kunakauka. Kila upande ulikuwa na siku zake za maji, na mvua ikiwa nzuri hakuna aliyehesabu siku. Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Watu wakaanza kuamkia langoni, kwanza na matusi, halafu na fimbo, halafu nikaona wanaume wanakwenda kuangalia mpunga wao na mikuki begani, kama wanaokwenda kuwinda.

Amri ikatoka kwa mtwa, chifu wetu: mikuki ikusanywe pande zote mbili, iwekwe katika ghala la baraza, na baraza lenyewe lilinde lango. Ilikuwa amri nzuri. Sijawahi kuona kosa ndani yake mpaka leo. Mimi ndiye niliyepewa kuitimiza, na kichwa kilinivimba. Nilivaa koti langu jeusi.

Tulianza na watu wa chini. Mimi, karani, na tarishi wangu Kalolo, yule mrefu aliyekuwa akikubeba mabegani. Niliogopa watakataa. Wa kwanza kutoka alikuwa mtu anaitwa Mgaya, mtu mpole, mwenye mpunga mzuri kuliko wote. Alikuja na mkuki ameushika kwa mikono miwili.

"Kamwene, Jumbe."

"Kamwene, Mgaya."

"Huu wa baba yangu. Nikishakupa, nyuma yangu nani atakaa?"

"Serikali ipo."

"Serikali nani? Maana Bwana Shauri mwenye wilaya yuko Mbeya, mimi sitamwita akasikia. Ni wewe?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Ni mimi."

"Haya. Basi mgongo wangu nimekupa wewe." Akaniwekea mkuki mikononi.

Baada yake walileta wote. Wengine walileta hata panga na vyuma vya kutegea panya, mpaka Kalolo akacheka, akawaambia hivyo rudisheni. Nilirudi nyumbani nikiwa najiona mtu mkubwa kabisa. Nilimwambia mama yako, watu wa chini wana heshima sana.

Siku ya pili tulikwenda juu. Huko ni kwa wakwe zangu, na mikuki iliyotoka ilikuwa michache, mizee, mingine haina hata mpini. Nikajitia hamnazo. Tukafika uani kwa bibi yako. Lusiano alikuwa amekaa kwenye kigogo anachonga mpini wa jembe, akanikaribisha kwa kicheko.

Wewe unaijua desturi yetu. Mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Tukikutana njiani mimi naingia majanini, yeye anajifunika kanga na kugeuka. Tangu nimuoe mama yako sijakanyaga kizingiti cha nyumba ile, na sitakikanyaga. Ni heshima, wala siidharau hata leo.

Lusiano akasema, "Shemeji, ndani yupo mama. Unaingia?"

Nikatazama mlango. Kalolo akanisogelea, akasema taratibu, "Jumbe, mimi siyo mkwe. Niingie?"

Hapo, mwanangu. Pale pale. Yale maneno ya Kalolo ndiyo nayasikia nikiwa nalima, nikiwa kanisani, nikiwa nakula. Njia ilikuwepo, na aliyenionyesha ni tarishi. Desturi ilinikataza mimi kuingia, haikunikataza kumtuma yeye. Lakini niliona macho ya Lusiano, nikaona mke wangu atakavyosemwa kwao, nikaona nitakavyokosa pa kukaa siku ya msiba wa huko. Nikasema, "Mwache mama wa watu." Nikaondoka na heshima yangu, watu wakanisifu kuwa jumbe anajua adabu.

Tulipofika barazani karani akafungua kitabu, akauliza aandike nini. Nikamwambia, "Andika nyumba zote zimepekuliwa." Alinitazama kidogo. Alikuwa mzee kuliko mimi, sasa ni marehemu. Akachovya kalamu, akaandika, na mimi nikatia sahihi. Sikuona uzito wowote. Nakumbuka niliona mwandiko wake ni mzuri.

Kesho yake mama yako alikwenda kumsalimu bibi yako. Alirudi mapema mno, akaninong'oneza jikoni huku ukicheza mlangoni na vibunzi.

"Mikuki iko chini ya kitanda cha mama. Mingi. Nimekaa juu ya kitanda nikaigusa kwa kisigino."

"Nyamaza."

"Baba Alfonsi, watu wa chini hawana kitu mkononi."

"Nimesema nyamaza. Unataka nimfunge ndugu yako?"

Akanyamaza. Mama yako alinyamaza kwa sababu mimi nilimwamuru, na jambo hilo naliweka hapa kwa mkono wangu ili mtu asije akalisema vingine.

Nilikuwa na siku mbili nzima. Nimezigeuza siku hizo kichwani kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Ya kwanza ilikuwa Jumapili, nikaenda misa, nikapokea komunyo. Hilo nilimwambia padri wa Madibira baadaye. Ya pili zikaja habari kwamba Bwana Shauri atapita safari, atalala katika nyumba ya wageni ya serikali, na njia haijafyekwa. Nikawaondoa matarishi wawili waliokuwa wakilinda lango, nikawapeleka kufyeka majani na kuchanja kuni. Nilisema ni nusu siku tu. Lango likabaki peke yake mchana kweupe.

Ilikuwa siku ya maji ya watu wa chini. Mgaya alipanda kwenda kufungua lango, jembe begani, maana jembe hatukumnyang'anya. Lusiano na wenzake wawili walikuwa wamekaa kule. Wanawake waliokuwa wakifua walisikia akisema, "Leo ni siku yetu, ndugu zangu, muulizeni Jumbe." Walimsikia akicheka kidogo, kwa jinsi mtu anavyocheka akiwa na hofu. Kisha aliinama kuinua ubao.

Walimchoma mgongoni, Alfonsi.

Mimi wakati huo nilikuwa nabishana na mpishi kuhusu kuku wa Bwana Shauri.

Wote watatu walikamatwa wakapelekwa Mbeya, wakafungwa miaka mingi. Bwana Shauri akaziba mfereji kule mtoni na kuweka kufuli kwenye lango, akasema hakuna maji kwa yeyote mpaka watu wapate akili. Mpunga wa chini ukageuka majani makavu. Vijana wakatawanyika, wengine walikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu na hawakurudi tena. Mahindi ya juu nayo yakakauka. Wanawake wa juu walikuwa hawathubutu kupita sokoni chini, na wa chini hawakupanda kuteka maji, walizunguka mbali sana. Watoto wa shule moja walikaa mabenchi tofauti.

Halafu likaitishwa baraza. Mke wa Mgaya alisimama katikati ya wanaume, bado amenyoa kichwa kwa msiba. Hakulia. Alinitazama mimi peke yangu.

"Kwetu mlichukua mpaka vyuma vya panya. Kwa mkweo ulichukua nini?"

Nilikuwa bado nina nafasi. Hata pale! Kalolo alikuwa amesimama nyuma yangu, anahema. Nikasema, "Kitabu kinasema nyumba zote zimepekuliwa."

Akasema, "Basi kitabu ndicho kimemuua mume wangu." Akakaa.

Karani alifunga kile kitabu taratibu sana. Siku ile ndiyo nilijua kwamba watu wote walikuwa wanajua, wa juu na wa chini, na kwamba nilikuwa nikimdanganya mtu mmoja tu, naye ni Bwana Shauri, ambaye hakai kule.

Aliyeanza kuponya hakuwa mimi. Ni Kalolo. Alivua nguo za utarishi, akazikunja, akaniwekea mezani, akaenda kukaa langoni. Kufuli lilikuwepo, maji hayakuwepo, yeye alikaa tu, kila siku, mikono mitupu. Watu walidhani amerukwa na akili. Siku ya nne au ya tano mke wa Mgaya akamtuma kaka yake akakae naye. Wakakaa wawili, hawaongei. Kisha mtoto mmoja wa ndugu wa Lusiano akapeleka viazi, akafukuzwa. Akapeleka tena, akafukuzwa. Mara ya tatu wakala.

Kutokana na viazi vile baraza likapata mahali pa kushika. Tuliandika kwamba lango litakuwa na walinzi wawili daima, mmoja wa juu, mmoja wa chini, wanaokula chungu kimoja, na kwamba ubao hauinuliwi mpaka wote wawili wameushika. Mke wa Mgaya alitaka mlinzi wa juu atoke katika ukoo ule ule wa Lusiano. Tulimshangaa. Akasema, "Nataka yule ninayemdai, uso wake niuone kila asubuhi." Bwana Shauri alifungua kufuli na kuzibua mfereji. Ni jambo pekee jema nililotia sahihi katika kitabu kile, na wazo halikuwa langu. Mavuno yaliyofuata niliomba kuacha kazi, nikasingizia mguu, tukahamia hapa Kalenga. Hapa bado wananiita Jumbe, na kila wakiniita nasikia, "Ni wewe?"

Sasa nimesikia kwamba ule ulinzi wa wawili wawili umeondolewa. Walisema ni mambo ya kienyeji, wakaweka askari mmoja kutoka mbali, asiyemjua mtu, anayelala mchana. Lusiano amerudi, ana wana wakubwa, anakaa uani pale pale kwa bibi yako. Maji yamepungua. Na mwanangu wa pekee ndiye atakayeshika kalamu. Sijui nikuambie nini kuhusu hofu niliyo nayo. Naogopa.

Kitabu kile kipo. Makarani hawatupi kitu. Utakikuta kabatini, na utajua ukurasa kwa sahihi yangu, uliyokuwa ukiigiza ukiwa mtoto kwa mkaa ukutani. Nilitaka uisikie habari hii kwangu kabla hujaisoma. Nakuomba usiuchane. Najua utataka kuuchana, kwa sababu unanipenda, na kwa sababu jina lile ni lako pia.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili, fupi. Nimeandika yote: kitanda, jikoni, matarishi niliowaondoa, maneno niliyomjibu yule mama. Nimetia sahihi ile ile. Ikiwa utaweza, isome mbele ya baraza lako la kwanza, kabla hamjaenda kuomba mkuki kwa mtu yeyote. Huenda Bwana Shauri akaniita Mbeya. Nitakwenda, mguu mzima. Huenda wakasema karani wetu ni mtoto wa mwongo, nawe hutakuwa na la kujibu maana ni kweli. Huenda pia ukaona mzigo ni mzito kwa mtu wa miaka yako, ukaichoma. Ukiichoma sitakuuliza. Nimekaa nayo miaka kumi na mitatu bila kuisoma mahali popote, nitakulazimishaje wewe kwa siku moja?

Lakini mkuki wa Mgaya haukurudishwa kamwe. Mkewe aliukataa. Uko ghalani, una alama mbili za moto kwenye mpini. Ukiingia kuhesabu vyombo, uushike kwa mikono miwili, hata kama hakuna anayekuona.

Nilikuwa nimefika hapa mama yako alipoingia bila kubisha hodi. Alisimama nyuma yangu, ananuka moshi wa maandazi yako ya safari. Hajui kusoma, lakini alijua.

"Umeandika ya mama?"

"Nimeandika."

"Na jikoni? Kwamba nilikuambia?"

"Nimeandika kwamba uliniambia na mimi nikakunyamazisha."

Akakaa kitandani. Nilidhani atanikataza, maana yule ni mama yake mzazi, na Lusiano ni kaka yake wa ziwa moja, na karatasi hii ikifika barazani huenda hatakuwa na kwao tena. Nikamwambia, "Ukisema nisiipeleke, sipeleki." Nilitaka aseme, Alfonsi. Nakuambia ukweli: hata sasa nilitaka mtu anikataze.

Akasema, "Mgaya alikuwa akinipa mchele nikiwa na mimba ya huyu." Kisha akaniambia jambo ambalo mimi, jumbe wa miaka yote ile, sikuwahi kulifikiria, na nalihamisha hapa kama alivyolisema.

Mimi ni mkwe, siingii. Wewe siyo mkwe. Wewe ni mjukuu. Bibi yako anakuita mume wake, anakutania, mlango wake kwako hauna hodi. Katika watu wote wa baraza, juu na chini, hakuna hata mmoja anayeweza kuingia mle bila kuvunja heshima ya mtu, isipokuwa wewe.

Basi anzieni hapo. Kabla ya watu wa chini, kabla ya nyumba yoyote. Nendeni mchana, na umwombe mke wa Mgaya, ikiwa atakubali, asimame uani aone. Lusiano atakuwa amekaa kwenye kigogo chake, atakuuliza kama unaingia. Mwamkie kwa adabu, ni mjomba wako. Halafu ingia, mlango uache wazi, na uiname wewe mwenyewe.

Mama yako anasema kitanda ni kile kile.

Baba yako